Nyumba za Mawe za Lamu

Wengi wetu wa bara, tukisikia habari za nyumba za pwani, hufikiri milango yake ya nakshi. Lakini katika mji wa Lamu, ulio kisiwani kaskazini mwa pwani ya Kenya, mpita njia huona hasa kuta ndefu zilizo tupu. Uzuri mkubwa umewekwa ndani, nao una historia yake.

Kwanza tutazame ujenzi. Mawe yake ni matumbawe. Yale magumu ya nchi kavu hujengewa kuta, unene wake yapata dhiraa moja. Yale yatolewayo baharini huwa laini yangali mabichi, hata fundi aweza kuyachonga kwa wepesi, yakikauka hushupaa. Chokaa nayo hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazivuki nafasi kubwa, vyumba huwa virefu lakini vyembamba, upana wake mita 3 hivi. Basi mti ndio uliokipima chumba.

Ukiingia wakuta daka lenye baraza za mawe, ambapo wageni wa kiume walikaribishwa. Kisha waja kwenye kiwanda, kilicho wazi kwa juu. Baada yake vyumba hufuatana: msana wa chini, msana wa juu, kisha ndani, chumba cha wenyeji hasa. Nyuma kabisa ni nyumba kati, ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa. Kadiri uingiavyo ndivyo nakshi zizidivyo, hata wafikia ukuta uliojaa zidaka, safu juu ya safu, ambamo viliwekwa vyombo vya China. Mafundi waliichonga chokaa kwa maua, majani na mistari isukwayo kama ukili. Sura za watu hazimo, kwa desturi ya Uislamu. Lakini ustadi haukupungua kwa hayo.

Nakshi zilizo bora zilifanywa katika karne ya 18, wakati Lamu na Pate, kisiwa jirani, zilipotajirika kwa biashara ya baharini. Kisha Pate ikadhoofika. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake uitwao Al-Inkishafi, aliyatumia magofu ya majumba ya Pate kuwaonya watu juu ya anasa za dunia.

Lakini yafaa tuulize: mali hiyo ilitoka wapi? Waungwana waliwapa binti zao nyumba waolewapo. Mashamba ya bara yaliyowalisha yalilimwa na watumwa, na watumwa hao walitumiwa pia katika kazi nzito za mjini. Wao hawakulala mbele ya zidaka, bali katika vibanda vya udongo na makuti. Utumwa ulipofutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, utajiri wa namna ile ulipungua, na nyumba nyingi zikakosa matengenezo. Kwa hiyo anayezisifu nakshi hizo na awakumbuke pia wale ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni njema, ila orodha haizuii mvua. Maji yakipenya darini, boriti huoza. Boriti ikivunjika, dari huanguka pamoja na nakshi. Tena wako wanaotengeneza kuta hizo kwa saruji, wakidhani wameziimarisha, kumbe saruji huufungia unyevu ndani, na jiwe huharibika polepole. Ukuta wa chokaa hutaka chokaa. Basi kijana ajifunzaye leo kuichoma na kuipaka chokaa azihifadhi nyumba hizo kuliko wengi wazisifuo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa zidaka ukianguka, ni nani atakayeujenga tena?