Kamba ya Mzamia Lulu

Katika Ghuba ya Uajemi, tangu zama za kale hata miaka ya 1930, ulikuwapo msimu wa ghausi, yaani uzamiaji wa lulu, ulioanza maji yapatapo joto mwezi wa Juni na kukoma Septemba, ambapo majahazi ya Bahrain, Kuwait na Dubai yalitweka matanga, na miji ikabakia na wanawake, wazee na watoto.

Mzamiaji alibana pua kwa kibano cha pembe, akavaa vidoleni ala za ngozi zimkinge na makali ya chaza, akatundika kikapu shingoni, kisha akautia mguu katika kitanzi cha jiwe lililomshusha mbio hata chini. Jiwe likisha kumfikisha, lilivutwa juu, naye akasalia peke yake kwa dakika moja au kupita kidogo, akichuma chaza kwa haraka kama aokotaye embe zilizoangushwa na pepo za usiku, hasikii ila moyo wake. Kama wako walioupenda upweke ule, sioni ajabu, maana jahazini makumi ya watu walilala wamebanana juu ya uvundo wa chaza.

Walakini hakuna aliyeachwa azame bila mwenzi. Juu alisimama mvutaji wake, saibu, kamba mkononi na macho majini, akingoja mtikiso mmoja tu. Kwani papa na konyeza huonekana, na sikio likipasuka huuma, bali pumzi humpotea mtu pasi na uchungu, akazimia kama asinziaye, na asiye na wa kumvuta haagi.

Kamba nyingine haikuonekana, nayo ni deni: nahodha alimkopesha mzamiaji kabla ya safari, na aghalabu mapato hayakutosha kulipa. Tena miongoni mwao walikuwapo Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani zetu za mashariki, ambao hata fungu lao lilikwenda kwa mabwana.

Lulu za kupandwa za Wajapani, pamoja na mdororo wa biashara ulioanza 1929, ziliuangusha msimu huo, na mafuta yalipopatikana Bahrain mwaka 1932, wazamiaji wengi wakenda kutafuta ajira huko. Lakini hata mwisho wake, chaza za jahazi zima zilirundikwa pamoja sitahani, zikalala usiku kucha, zikapasuliwa asubuhi mbele ya nahodha, hata lulu ilipochomoza, hapakuwa na awezaye kusema ni mkono wa nani ulioitoa chini.