Dirisha Linatazama Wapi? Mwanga wa Jua na Haki ya Jirani katika Ujenzi wa Newtown, Johannesburg

Anayeomba kibali cha kuongeza chumba au ghorofa huulizwa mambo mengi: hati ya kiwanja, msingi, njia ya majitaka. Mwanga huja mwisho, tena kwa namba moja tu ya ukubwa wa dirisha. Makala hii inadai kwamba namba hiyo haitoshi. Mwanga wa jua upimwe kabla ramani haijachorwa, upimwe kwa jua la mahali penyewe, na wa jirani uhesabiwe pamoja na wa mwenye nyumba.

Newtown, upande wa magharibi wa katikati ya Johannesburg, inafaa kwa mjadala huu kwa sababu imejengwa na kujengwa upya mara nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa eneo la wafyatua matofali. Mwaka 1904, baada ya tauni kuzuka, makazi yalichomwa moto, wakazi Waafrika wakahamishiwa Klipspruit, na mahali hapo pakapangwa upya kwa ajili ya soko, maghala na mitambo ya umeme. Leo soko la 1913 ni makumbusho, Market Theatre imo katika jengo la soko la zamani tangu 1976, na mtaa wa nyumba za kupanga wa Brickfields ulikamilika mwaka 2005. Palipokuwa na viwanda sasa wanaishi watu, na watu wanahitaji jua.

Tuanze na jua lenyewe. Johannesburg iko takriban nyuzi 26 kusini mwa ikweta, nje ya Tropiki ya Kaprikoni. Kwa hiyo adhuhuri jua huwa upande wa kaskazini mwaka mzima. Tarehe 21 Juni hufika nyuzi 40 tu juu ya upeo. Desemba hufika nyuzi 87, karibu na utosi. Dar es Salaam mambo ni tofauti: Juni jua la adhuhuri liko kaskazini kwa nyuzi 60, Desemba limehamia kusini kwa nyuzi 73. Fundi wa Dar hulikinga pande zote mbili. Fundi wa Newtown ana upande mmoja wa kulikaribisha, na ana sababu nzuri ya kufanya hivyo: majira ya baridi huko ni makavu, anga jeupe, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri. Dirisha la kaskazini lenye upenu wa sentimita 60 hupata kivuli kamili adhuhuri ya Desemba, na Juni huliingiza jua ndani bila gharama.

Sasa tuweke ukuta. Tuseme mwenye nyumba anaongeza ghorofa, ukuta wake unafika mita 6, na mita 2 kusini yake lipo dirisha la jirani. Adhuhuri ya 21 Juni kivuli cha ukuta huo hupanda hadi mita 4.3 kwenye nyumba ya jirani. Dirisha la chini linafunikwa lote, tena saa ambayo jua liko juu kuliko saa nyingine zote za siku hiyo. Ili jua hilo lifike katikati ya dirisha, mita 1.5 kutoka ardhini, nafasi kati ya ukuta na dirisha ingepaswa kuzidi mita 5. Hesabu hii haihitaji programu ya kompyuta. Penseli na karatasi vinatosha.

Je, sheria inasemaje? Viwango vya ujenzi vya Afrika Kusini, SANS 10400, vinataka nafasi ya kuingiza mwanga isipungue asilimia 10 ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinadai mita za mraba 1.2. Uwiano huo peke yake hauelezi dirisha linatazama wapi. England, sheria ya 1832 humpa mwenye dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 haki ya kuulinda. Sheria ya Afrika Kusini, yenye asili ya Kirumi na Kidachi, haimpi mtu haki hiyo kwa kupita tu kwa muda. Kwa kawaida jirani hulindwa na makubaliano yaliyosajiliwa juu ya kiwanja au na masharti ya mipango miji. Mnyonge asiye na makubaliano hubaki gizani.

Hata hivyo jiometria haimalizi suala. Newtown ipo kambi ya manispaa waliyokaa wafanyakazi Waafrika, ambayo sasa ni Makumbusho ya Wafanyakazi. Ina ua katikati, mabweni ya kulala kwa msongamano, na chumba cha kuwafungia walioadhibiwa. Nyumba za mawe za Lamu nazo zina ua wa ndani, uitwao kiwanda, na vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Boriti za mikoko zilifanya upana wa chumba usifike mita 3, hivyo mwanga wa kiwandani hupita misana, yaani vyumba vilivyo karibu na ua huo, na kufifia taratibu hadi ndani, penye faragha. Ua wa Lamu uliipa familia nuru na stara; ua wa kambi ulimrahisishia msimamizi kazi ya kuwatazama watu. Umbo ni lile lile, lakini aliyepangiwa maisha kambini hakuulizwa. Ndiyo maana tathmini ya mwanga lazima iseme nani atakitumia chumba, na saa ngapi.

Watakaopinga watasema jiji lina uhaba wa makazi, na kudai mwanga ni kuongeza gharama. Hoja hiyo ni nzito, kwani nyumba karibu na kazi ni haki pia. Lakini kugeuza dirisha kwenye ramani hakugharimu tofali hata moja, na Brickfields imeonyesha kwamba majengo ya ghorofa yanaweza kupangwa kuzunguka nyua. Chumba cha giza hulipiwa kila mwezi kwa bili ya umeme, na anayelipa ni mpangaji.

Kwa hiyo idara za vibali zidai karatasi moja zaidi: mchoro wa kivuli cha adhuhuri ya 21 Juni na ya 21 Desemba, ukionyesha madirisha ya jirani na matumizi ya kila chumba. Wasanifu majengo waufanye hata pasipo kudaiwa. Jengo linalomnyima jirani jua la baridi ilhali lingeweza kuliacha lipite ni jengo lililopangwa vibaya, hata likiwa na muhuri wa halmashauri.