Nguvu Zilizofichika: Kiwiko, Wenzo na Mzee wa San Pantaleo

Juma hili tunawaalika tuutazame mkono wa binadamu, na tumkumbuke mzee mmoja aliyeuelewa kuliko wengi waliomtangulia.

Aghalabu tunapomwona mtu akiinua gunia ambalo mwenzake ameshindwa kulitikisa, tunamsifu kwa misuli yake, na yule mwingine tunamwita legelege. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Ukubwa wa msuli ni sehemu tu ya habari. Sehemu nyingine imo katika urefu wa mifupa, katika umbo la viungo, na mahali ambapo kano imejishikiza.

Aliyelifanyia jambo hili hesabu kwa kina ni Giovanni Alfonso Borelli, aliyezaliwa Napoli mwaka 1608. Alifundishwa hisabati huko Roma na Benedetto Castelli, mmonaki Mbenedikto aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo. Naye Borelli alifundisha Messina, kisha Pisa tangu 1656 hadi 1667, akarudi Messina. Siasa za kuupinga utawala wa Wahispania zilimfanya aukimbie mji huo katika miaka ya 1670. Akafika Roma akiwa mzee na maskini. Mwaka 1677, baada ya kuibiwa mali yake, alipokelewa na mapadri Wapiaristi katika nyumba yao ya San Pantaleo, akawa anafundisha hisabati hapo.

Je, mzee huyu aligundua nini? Kabla yake wengi walidhani kwamba mwili ni mtambo wa kubana matumizi: kwamba msuli hutumia nguvu ndogo kuinua mzigo mkubwa, kama mtu anayebingirisha jiwe kwa mtaimbo. Borelli alionyesha kwamba mambo ni kinyume chake.

Tuchukue mfano. Kigasha ni wenzo, na kiwiko ndicho egemeo lake. Msuli wa mbele wa mkono umejishikiza karibu sana na kiwiko, tuseme sentimita 4, ilhali mzigo uko kiganjani, sentimita 35 kutoka hapo. Kiwiko kikiwa kimekunjwa kama pembe ya mraba, mzigo wa kilo 10 unaudai msuli uvute kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 88 hivi, hata tukiacha uzito wa kigasha chenyewe. Sasa mpeni mtu mwingine mkono ule ule, ila kano yake imejishikiza kwenye sentimita 5. Kwake kilo 70 zinatosha. Watu wawili, misuli sawa, jitihada sawa. Lakini mmoja ataitwa hodari na mwingine dhaifu, kwa sababu ya sentimita moja ambayo hakuna aliyeichagua.

Wala tusidhani kwamba Muumba alikosea vipimo. Kinachopotea katika nguvu hupatikana katika wepesi. Kwa mkono ule wa kwanza, msuli ukijikunja sentimita 1 tu, kiganja husogea karibu sentimita 9. Ndiyo maana tunaweza kurusha, kufuma na kupiga ngoma. Na pale nguvu inapohitajika zaidi, mwili una hila zake: pia ya goti huisogeza kano mbele, mbali na egemeo, ili msuli wa paja upate nafasi bora ya kuvuta.

Borelli hakupatia kila jambo. Aliamini kwamba msuli hutenda kazi kwa kuvimba, ilhali Niels Stensen wa Denmark, katika kitabu alichochapisha Florence mwaka 1667, alikuwa ameonyesha kwa jiometri kwamba msuli waweza kujikunja bila kuongezeka ujazo. Stensen baadaye alikuwa askofu, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988.

Kanuni hiyo hiyo inatawala mgongo. Misuli ya mgongo iko sentimita 5 hivi nyuma ya egemeo lake. Mzigo wa kilo 20 ukishikwa sentimita 40 mbele yake, misuli hiyo huongezewa kazi ya kilo 160. Ukisogezwa hadi sentimita 20, kazi hiyo hupungua hadi kilo 80. Mama zetu wanaobeba ndoo kichwani huuweka uzito juu ya uti wa mgongo, ingawa shingo nayo hulipa gharama yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tuongeze: ainame kwa magoti, na akisogelee.

Borelli alifariki tarehe 31 Desemba 1679, kabla kitabu chake, De Motu Animalium, hakijachapishwa. Kilitoka katika sehemu mbili, 1680 na 1681, kwa ufadhili wa Malkia Christina aliyewahi kutawala Uswidi, na kwa uangalizi wa mapadri waliompokea.

Basi, wapendwa, tunapomwona kijana anayetetemeka chini ya mzigo ambao mwenzake anaucheka, tusiharakishe kumwita mvivu. Huenda misuli yake inavuta zaidi kuliko ya yule tunayempigia makofi. Tumsaidie kushika upande mmoja.