Kupa na Kukabidhi: Ardhi ya Ufuoni katika Historia ya San Francisco

Historia ya bandari ya San Francisco yafaa kuchunguzwa na wale washughulikao na maana za maneno, kwa kuwa ndani yake tendo moja la kisheria, kwa neno moja la Kiingereza, lilibeba maana mbili zilizopingana. Kiswahili huzitenga maana hizo kwa vitenzi viwili: kupa na kukabidhi. Apewaye kitu huwa mwenyewe. Akabidhiwaye hubaki mtunzaji tu.

California ilipoingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1850, ilipata ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, pamoja na ile iliyo chini ya maji yapitayo vyombo. Kwa sheria ya kale iliyotoka Rumi na kupitia Uingereza, ardhi ya namna hiyo si mali ya serikali kama zilivyo majengo na samani zake. Serikali huishika kwa ajili ya watu wote, wapate kusafiri, kufanya biashara na kuvua.

Lakini mwanzoni jambo hilo halikuheshimiwa sana. Mwaka 1851 Bunge la California liliupa mji wa San Francisco viwanja vya ufuoni na vya majini kwa muda wa miaka 99. Mji huo ulikuwa umejaa watafuta dhahabu na madeni. Viwanja vikauzwa, maji yakafukiwa, na magati yakaangukia mikononi mwa watu binafsi. Hata mwaka 1863 serikali ya jimbo iliunda Bodi ya Makamishna wa Bandari, ikaushika ufuo wenyewe. Bodi hiyo ndiyo iliyojenga ukuta mkubwa wa bahari, na jengo la vivuko lililofunguliwa mwaka 1898. Katiba ya California ya mwaka 1879 nayo ilikataza kuwauzia watu binafsi ardhi ya maji kupwa iliyo karibu na miji.

Msingi wa jambo hili uliwekwa wazi na kesi ya jimbo jingine. Mwaka 1869 Bunge la Illinois liliipa kampuni ya reli ya Illinois Central zaidi ya eka 1,000 za ardhi iliyo chini ya ziwa mbele ya mji wa Chicago. Mwaka 1873 likaitangua sheria hiyo. Mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Stephen Field, iliamua kwamba utanguzi huo ulikuwa halali. Serikali haiwezi kuitupa amana ya watu, kama vile isivyoweza kuitupa kazi yake ya kulinda amani.

Je, mji waweza kukabidhiwa kile ambacho kampuni haiwezi kupewa? California ilijibu kwamba waweza, kwa masharti. Mwaka 1911 miji ya Los Angeles na Long Beach ilikabidhiwa ufuo wake ili ijenge bandari. Katika miaka ya 1930 mafuta yakachimbwa chini ya ardhi ya Long Beach, na fedha zikawa nyingi kupita mahitaji ya bandari. Mwaka 1951 Bunge liliiondoa nusu ya mapato hayo ya mafuta katika masharti ya amana. Mji ukadhani umepata mali yake. Mahakama ya juu ya jimbo ikahukumu mwaka 1955 kwamba kilichotolewa katika amana humrudia mwenye kuiweka, yaani jimbo. Hakiwi cha mtunzaji.

San Francisco ilikabidhiwa bandari yake kwa Sheria ya Burton ya mwaka 1968, na mji ukaipokea mwaka 1969. Uliipokea pamoja na madeni yake, wakati shehena za makontena zikihamia Oakland ng'ambo ya ghuba. Ardhi haikuruhusiwa kuuzwa. Mapato yalipaswa kutumika kwa shughuli za amana. Na jimbo lilibaki na haki ya kudai hesabu. Baadaye ukuta wa zamani ulionekana kuwa dhaifu mbele ya matetemeko na kupanda kwa bahari, na mwaka 2018 wapiga kura wa mji waliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 ili kuanza kuuimarisha. Hivyo mtunzaji hurithi mzigo pamoja na heshima.

Mfasiri wa mambo haya ana maneno matatu mbele yake. Wakfu hufaa kwa kuwa mali yake haiuzwi. Lakini aliyeweka wakfu hairudishi mali kwake, na jimbo laweza kuirudisha. Dhamana, ingawa imezaa neno wadhamini, huelekea zaidi kwenye kumlipia mwingine ashindwapo. Amana ndiyo iliyo karibu zaidi: huwekwa, hutunzwa, hudaiwa, na aitumiaye kwa faida yake hufanya khiyana. Kwa hiyo kuandika kwamba jimbo "liliupa" mji bandari mwaka 1968 ni kurudia kosa la mwaka 1851. Jimbo liliukabidhi, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo iliyouacha ufuo huo mikononi mwa umma.