Mafahali Wawili Katika Zizi Moja

Wahenga wetu walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Walakini, msomaji, ukipita Masara wakati wa kulima, ukaendelea na safari yako mpaka upande wa Homa Bay, utaona kando ya njia maksai wawili chini ya nira moja, wakivuta plau moja na kupasua mfuo mmoja. Hawapigani wala hawasukumani. Je, methali ni ya uongo? Sivyo. Muulize mkulima, naye atakuambia kwamba amani ile haikuzaliwa pamoja na wanyama wale. Walichaguliwa kwa kulingana kimo na nguvu; walifunzwa kwenda hatua moja; na hata leo yupo kijana atanguliaye mbele kuwaongoza, na mwingine ashikaye plau nyuma.

Nataka kukusimulia habari za mafahali wa namna nyingine, waliotiwa katika zizi dogo lililo juu ya meza nyumbani mwa watu: kadi mbili za michoro ndani ya kompyuta moja ya michezo. Historia yao ni fupi, haizidi miaka 25, lakini mafunzo yake ni mengi.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya kadi ya michoro. Picha uionayo katika kioo cha kompyuta imefanywa kwa vitone vidogo sana. Kioo chenye vitone 1,024 kwa upana na 768 kwa kimo kina vitone 786,432. Mchezo ukitaka kuonyesha mwendo laini, picha nzima huchorwa upya yapata mara 60 kwa sekunde. Basi kila sekunde vitone zaidi ya milioni 47 hudai kupewa rangi. Prosesa ya kompyuta ni kama karani hodari ambaye hufanya mambo mengi tofauti, moja baada ya jingine. Kadi ya michoro ni kama kikosi cha vibarua, kila mmoja na kitone chake, wote wakifanya kazi ile ile kwa wakati mmoja. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo jepesi: ikiwa kikosi kimoja chafaa, kwa nini tusiajiri viwili?

Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx, iliyokuwa na makao yake San Jose, California, ilitoa kadi iliyoitwa Voodoo2. Mtu aliyekuwa na fedha aliweza kununua mbili, akaziunganisha kwa mkanda mfupi wa nyaya ndani ya kompyuta. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa haki na wa kupendeza: kadi moja ilichora mistari ya witiri, na ya pili ilichora mistari ya shufwa, mfano wa wakulima wawili wanaopokezana matuta. Mpango huo uliitwa SLI. Kadi moja peke yake haikuweza kupita picha ya vitone 800 kwa 600. Mbili pamoja zilifika 1,024 kwa 768, na kasi yake ilikaribia kuwa maradufu. Walakini tangu siku hiyo palikuwa na gharama isiyoonekana upesi. Kila kadi ilibidi kuweka nakala yake yenyewe ya sura za kuta, nyasi na mavazi yaliyomo mchezoni. Kumbukumbu za kadi mbili hazikujumlishwa kwa kazi hiyo. Zilibaki kiasi cha kadi moja, zimeandikwa mara mbili. Maksai walivuta pamoja, lakini kila mmoja alidai zizi zima la majani.

Kampuni ya 3dfx haikudumu. Mnamo Desemba 2000 ilikubali kuuza mali yake kwa mshindani wake, NVIDIA. Mwaka 2004 NVIDIA ikazifufua herufi zile tatu, SLI, ikazipa maana mpya. Na mwaka 2005 kampuni ya ATI ikajibu kwa mpango wake ulioitwa CrossFire. Wapenda michezo wakaingia katika mashindano ya fahari. Wengine hawakuridhika na kadi mbili, wakafunga tatu, hata nne.

Lakini mbinu ya kugawana kazi ilikuwa imebadilika. Aghalabu kadi hazikugawana tena mistari ya picha moja, bali ziligawana picha nzima nzima: ya kwanza ilichora picha ya 1, ya 3 na ya 5, ya pili ilichora ya 2, ya 4 na ya 6. Hapo ugomvi wa mafahali ukaanza, nami naomba uuangalie kwa makini, maana umefanana sana na ugomvi wa wanadamu.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mwendo. Fikiri wapiga ngoma wawili wanaopokezana. Wakipiga kwa nafasi zilizo sawa, ngoma huchezeka. Wakipiga mapigo mawili karibu karibu, kisha wakanyamaza, kisha mawili tena, hesabu ya mapigo kwa dakika ni ile ile, lakini hakuna awezaye kuicheza. Ndivyo zilivyofanya kadi mbili: picha mbili zilikuja zimefuatana, kisha pengo. Kipimo kilisema kasi imeongezeka. Jicho lilisema mchezo unakwama.

Tatizo la pili lilikuwa la kutegemeana. Watengenezaji wa michezo walizidi kutumia habari za picha iliyopita ili kuipamba picha inayofuata. Basi kadi ya pili haikuweza kumaliza kazi yake mpaka ya kwanza imemaliza na kutuma habari zake. Kadi mbili zinazongojana ni ghali kuliko moja isiyongoja.

Tatizo la tatu lilikuwa la uongozi. Karibu kila mchezo ulihitaji maagizo yake katika programu iendeshayo kadi, ya kueleza namna ya kugawana kazi. Pasipo maagizo hayo, kadi ya pili ilikaa bure, na mara nyingine picha ziliharibika.

Sikuelezi haya kwa kusoma tu. Katika mwaka wa kwanza wa mshahara wangu wa ualimu, sikungoja kuweka akiba ya kununua kadi moja bora. Nilinunua kadi kuukuu ya pili, pacha wa ile niliyokuwa nayo. Kwa michezo miwili nilifurahi. Kwa mingine yote kadi ya pili ililala, na nilipokwisha kuitia nira, tokeni za umeme zilikwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Niliyatoa mapato ya mwezi mzima kununua hesabu ya mbili, wala sikupata kazi ya mbili.

Mwisho wa nira hiyo ulikuja polepole. Mwaka 2015 programu ya DirectX 12 iliwaachia watengenezaji wa michezo wenyewe kazi ya kuzipatanisha kadi. Wachache tu waliichukua. NVIDIA ilitangaza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 haitaongeza tena maagizo mapya ya SLI katika programu yake. Kadi yake kubwa ya mwaka 2022, RTX 4090, haikuwa hata na mahali pa kufungia nira.

Yamkini wewe, msomaji, umekwisha kutoa hukumu kwamba kadi mbili ni upuuzi. Ngoja kwanza. Mwaka 2012, mjini Toronto, Kanada, mwanafunzi Alex Krizhevsky alikuwa na kompyuta chumbani mwake, katika nyumba ya wazazi wake, yenye kadi mbili za michezo za GTX 580. Pamoja na Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton, alizitumia kufundisha kompyuta kutambua vitu katika picha. Picha zilikuwa zipatazo milioni 1.2, za aina 1,000, na mafunzo yalichukua siku tano hadi sita. Kadi moja ilikuwa na gigabaiti 3 tu za kumbukumbu, wala mtambo wao haukuweza kuenea humo. Basi waliukata nusu kwa nusu: kila kadi ilibeba nusu yake, nazo zilizungumza katika ngazi chache tu za kazi. Katika mashindano ya mwaka ule, wakiruhusiwa kubahatisha majibu matano kwa kila picha, walikosea mara 15.3 katika 100; waliowafuata walikosea mara 26.2. Ushindi huo uliigeuza elimu ya kompyuta duniani kote, na mwaka 2024 Hinton alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwa nini kadi zilizogombana katika michezo zilipatana katika elimu? Kadi hazikuwa na tabia nyingine. Kazi ndiyo iliyokuwa nyingine. Katika chumba kile mzigo uligawanyika kweli, hata kumbukumbu. Hapakuwa na jicho lililodai picha kila sehemu ya 60 ya sekunde. Na mtu aliyeipanga kazi aliamua mapema wapi kadi zitazungumza na wapi kila moja itanyamaza.

Tumezoea kuambiwa kwamba umoja ni nguvu. Neno hilo ni kweli, ila si kweli lote. Utakapotaka kuunganisha watu katika chama, fedha katika biashara, au wanafunzi katika kikundi cha kusoma, usianze kwa kuhesabu vichwa. Uliza kwanza: kazi hii yagawanyika? Mmoja atamngoja mwenzake mara ngapi? Nani atatangulia mbele kuwaongoza? Mkulima wa Masara huyajua majibu kabla hajaitwaa nira ukutani. Ajuaye hayo huwatia mafahali wawili zizi moja, wakalima. Asiyejua huwalisha wawili, akalimiwa na mmoja.