Kutu na Ushindi: Maisha Marefu ya Datsun 240Z

Pasaka ya 1973, mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki yalipomalizika, waamuzi walijikuta na madereva wawili waliolingana kwa alama. Wote wawili walikuwa ndani ya Datsun. Harry Källström wa Sweden aliendesha Datsun 1800 SSS, gari la ukoo wa Bluebird. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na makao Kenya, aliendesha 240Z, gari la michezo lenye pua ndefu na milango miwili, huku Lofty Drews akimsomea ramani. Kanuni ilisema kwamba alama zikilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza alama yoyote. Huyo alikuwa Mehta.

Huo ulikuwa ushindi wa pili wa 240Z katika Safari. Miaka miwili kabla, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliibuka wa kwanza, na Mehta akaja wa pili akiwa na gari la aina hiyohiyo. Zaidi ya nusu karne imepita. Magari ya 240Z yaliyosalia yana wenyewe wanaoyatunza kwa jasho na fedha, na mtu akitaka kuelewa kwa nini hawayaachi, inafaa aanzie kwenye njia za matope za Afrika Mashariki. Umbile lililoliwezesha gari hili kushinda ndilo linalowarahisishia mafundi kulifufua leo. Kile kilichopunguzwa ili lipatikane kwa bei nafuu ndicho kinacholimaliza.

Nissan, kampuni yenye nembo ya Datsun, ililizindua mwezi Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Umbo lake lilichorwa na kikundi kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo, na aliyelisukuma lifike Marekani alikuwa Yutaka Katayama, mkuu wa kampuni huko. Katayama hakulipenda jina la Fairlady kwa soko la Marekani. Magari ya kwanza yalipofika, alihakikisha beji zake zinang'olewa na kubandikwa nyingine zilizoandikwa 240Z. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 3,526. Kwa kiasi hicho mnunuzi alipata injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili na nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya wakati ule. Magari ya michezo ya Ulaya yenye mwendo kama huo yalikuwa ghali zaidi kwa mbali.

Katayama alikuwa ameshaonja faida ya mashindano magumu. Mwaka 1958 aliongoza timu ya Datsun katika mzunguko wa bara la Australia, na gari mojawapo, lililoitwa Fuji, likashinda katika daraja lake. Tangu hapo kampuni ilijua kwamba njia mbovu huuza magari kuliko matangazo. Safari, iliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilikuwa njia mbovu kuliko zote: vumbi laini kama unga, mito inayofurika ghafla, mawe, wanyama wanaokatiza usiku, kisha mwinuko wa milima baada ya joto la pwani. Datsun ilianza kushiriki mwaka 1963. Mwaka 1969 sinema ya Kijapani, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, iliwaonyesha watazamaji wa Tokyo mashindano hayo ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Herrmann alishinda akiwa na Datsun 1600 SSS.

Ndipo ikaja zamu ya 240Z. Gari la michezo la kawaida hutengenezwa kwa ajili ya lami, na wengi waliotazama pua ile ndefu hawakutarajia lingevuka mashimo. Porsche 911, gari lenye sifa kubwa zaidi, lilimaliza Safari katika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, wala halikuwahi kuishinda Safari ya enzi zile. 240Z lilishinda mara mbili katika miaka mitatu.

Siri kubwa imo chini ya boneti. Injini ya 240Z, iitwayo L24, ni ndugu wa tumbo moja na L16 iliyokuwa ndani ya Datsun 1600, gari la familia. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 katika zote mbili, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 katika zote mbili. Wahandisi walichukua mpango wa silinda nne na kuuongeza silinda mbili. Bloku ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi ni ya alumini, kamshafti iko juu na huzungushwa na mnyororo. Hakuna kilichofichwa. Fundi aliyewahi kufungua Datsun la kubebea mizigo la miaka ya 1970 akiinua boneti ya 240Z hukuta mambo anayoyajua, ila yamerefushwa.

Kwa mmiliki wa leo, hiyo ni neema. Gasketi zinapatikana, mnyororo wa taimingi unapatikana, na palipo na mashine ya kuchonga chuma, kilichochakaa huweza kutengenezwa upya. Injini ikitunzwa kwa oili safi hudumu miaka mingi.

Mwili wake ni habari nyingine.

Bati la 240Z ni jembamba, na kiwandani halikupewa kinga ya kutosha dhidi ya kutu. Kuna sehemu nyingi ambapo maji huingia na kukosa njia ya kutoka: chini ya kioo cha mbele, ndani ya vizingiti vya milango, kwenye mihimili iliyo chini ya sakafu. Betri imekaa juu ya kibao chake ndani ya chumba cha injini, na asidi inayovuja huteremka na kulila bati lililo chini yake. Kikulacho ki nguoni mwako: kutu ya gari hili huanzia ndani, na rangi inapotoa malengelenge kwa nje, bati limeshakwisha kwa ndani. Mnunuzi mwenye uzoefu hulala chini kwanza, akagongagonga mihimili na kusikiliza sauti, kabla hata hajauliza kama injini inawaka.

Hapo ndipo fedha nyingi huishia. Kunyoosha bodi ni kazi ya siku. Kukata sakafu nzima, kuchomelea bati jipya na kuhakikisha milango bado inafunga sawasawa ni kazi ya miezi. Fundi akiziba tobo kwa puti na kupiga rangi juu yake, gari hung'aa msimu mmoja kisha ugonjwa hurudi ukiwa mkubwa zaidi. Mahali ambapo gari limeishi ni sehemu ya afya yake. Chumvi ya hewa ya Mombasa hulila bati haraka. Nairobi, kwenye ukavu wa nyanda za juu, bati hupona zaidi, lakini jua hupasua dashibodi, na dashibodi nzima ya 240Z isiyo na ufa imekuwa kitu cha nadra duniani kote.

Kabureta nazo zina tabia zake. Katika injini ya L24, mabomba ya kuingiza hewa na yale ya kutolea moshi yako upande mmoja. Gari likisimama kwenye foleni mchana wa joto, petroli iliyo kwenye mifereji hupata moto hadi kuchemka, na injini hukohoa au hukataa kuwaka mpaka ipoe. Tena kabureta mbili zinapaswa kuvuta hewa kwa kiasi kilekile. Fundi mzoefu huchukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, akirekebisha skrubu mpaka mvumo ulingane. Mwinuko huongeza kazi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa Mombasa ikifika huko humwaga petroli kuliko hewa inavyoweza kuichoma.

Magari ya mwaka 1973 yaliletwa na kabureta za aina tofauti, zilizobuniwa kutimiza sheria za moshi za Marekani. Zilisumbua kiasi kwamba wamiliki wengi walizivua na kurudisha zile za zamani zenye vichwa vya mviringo. Mpaka leo, mtu anayeuza 240Z la mwaka huo huulizwa mapema ni kabureta gani zimefungwa.

Umeme pia unataka jicho. Taa kubwa za mbele hupitisha umeme wake wote kwenye swichi iliyo karibu na usukani na kwenye kisanduku cha fyuzi, na baada ya miongo kadhaa plastiki huyeyuka. Dawa ni rilei mbili na waya mpya, kazi ya alasiri moja. Kisha kuna harufu: hewa inayozunguka nyuma ya gari hurudisha moshi ndani kupitia raba zilizochoka za mlango wa nyuma na matundu yanayozunguka taa. Mmiliki mpya hufungua kioo ili apate hewa na kumbe ndipo anapovuta moshi zaidi. Hatua kwa hatua hujifunza kubadilisha raba moja baada ya nyingine.

Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo Datsun za zamani zinazoonekana humo ni zile zilizobaki, na kila moja inayopondwa na kuuzwa kama chuma chakavu haileti mbadala. Spea za bodi huagizwa kutoka Japani au Marekani. Kwa vitu vingine, mmiliki huzunguka maduka ya barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na karakana za jua kali, ambako fundi anaweza kupima kipande kilichovunjika kwa macho na kutengeneza kinachofanana nacho. Ustadi huo una historia ndefu. Miaka ya Safari, wafanyakazi wa huduma waliwangojea madereva kandokando ya njia wakiwa na jeki na spana, wakabadilisha shokamzoba na giaboksi kwa muda mfupi, kisha gari likaondoka na vumbi lake. Mmiliki wa leo hufanya kazi ileile, ila kwa mwendo wa miaka.

Ugumu wa kulifufua gari hili uliigusa hata kampuni iliyolizaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Nissan huko Marekani ilianza kununua 240Z za zamani, kuzifanyia ukarabati kamili na kuziuza kupitia wauzaji wake wachache. Ilikuwa na michoro, jina na fedha. Hata hivyo, magari yaliyokamilika hayakufika 40 kabla mpango haujafungwa. Kila gari lilipofunguliwa lilidai kazi zaidi ya iliyotarajiwa.

Wanaovumilia huvuna nini? Wengine huvuna fedha. Mwezi Januari 2020, gari la 240Z la mwaka 1971, lililotembea kidogo na kubaki na rangi yake ya kiwandani, liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Lakini hilo lilikuwa gari lililofichwa jua na mvua. Kwa mmiliki wa kawaida, gharama ya bati na rangi peke yake huweza kupita bei atakayolipwa akiliuza.

Malipo mengine hupatikana barabarani. 240Z lina uzito wa takriban tani moja. Usukani wake hauna msaada wa mashine, hivyo mikono ya dereva huisikia kila changarawe. Injini ya silinda sita ikipanda mizunguko hutoa mlio laini unaokazika bila kukwaruza. Mtu aliyezipanga kabureta kwa sikio lake mwenyewe husikia katika mlio huo kazi aliyoifanya, na ikitokea silinda moja imezembea, hujua kabla hajasimama.

Nairobi wenye magari ya aina hii wana siku yao. Maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, yalianza mwaka 1970 na hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi huinama chini ya magari, hufungua boneti, hupitisha vidole mahali ambapo mtu hakutarajia kitambaa kingefika. Na tangu 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic, ambayo huyarudisha magari ya enzi ile kwenye vumbi lenyewe. Datsun za ukoo wa Z zimekuwamo. Huko hakuna anayeuliza kama rangi inang'aa.

Mehta aliendelea kushinda Safari mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, safari hizo akiwa na Datsun Violet, na jumla ya ushindi wake ikafika mitano. Alifariki mwaka 2006.

Gari la Herrmann na Schüller, lile lililoshinda mwaka 1971, liko Zama, Japani, katika hazina ya magari ya kale ya Nissan. Ni jekundu, boneti yake nyeusi, namba 11 ubavuni. Miaka ya 2010 wafanyakazi wa kampuni waliojitolea walilitengeneza mpaka injini ikawaka na gari likatembea tena. Mabonde ya bodi hawakuyanyoosha. Bati la mbele bado limebonyea kama lilivyobonyezwa na barabara za Afrika Mashariki, na anayelitazama huona ni wapi lilipogongwa.