Mtandao Usio na Mwenyewe

Wengi hudhani watu walianza kukutana mitandaoni Facebook ilipozinduliwa mwaka 2004. Lakini tangu 1971 Ray Tomlinson alikwisha kutuma barua pepe kati ya kompyuta mbili, akitumia alama ya @, na hadi leo barua pepe haina mwenyewe: wa Yahoo humwandikia wa Gmail, na chuo chenye seva yake hakiombi ruhusa kwa mtu. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, wakabuni Usenet, mijadala iliyopitishwa kwa simu kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Kisha makampuni yakaja na urahisi: jisajili bure, marafiki wote uwakute humo. Gharama huionja siku unapohama, maana wafuasi hawabebeki. Tena amri ni ya mmoja. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na kanuni zikabadilika pamoja na mwenye mali.

Waliokataa hali hiyo walianza mapema. Evan Prodromou alizindua mtandao wa Identi.ca mwaka 2008. Diaspora ikafuata, ikavuma kuliko ilivyotumika. Mwaka 2016 Mjerumani Eugen Rochko akatoa Mastodon, na 2018 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaidhinisha itifaki ya ActivityPub, ambayo seva za namna hiyo huitumia kuwasiliana. Kila seva ya Mastodon ina mwenyeji na kanuni zake, ila watu wake hufuatana na wa seva nyingine. Ukihama, wafuasi huja nawe; machapisho ya zamani hubaki.

Mtihani mkubwa ulikuja Julai 2019. Gab, mtandao uliojaa wabaguzi wa rangi, ulihamia programu ya Mastodon. Rochko hakuweza kuuzuia, kwani programu ni huria. Wenye seva wakaufungia mmoja mmoja, kila mtu kwa uamuzi wake, hadi Gab ikabaki ikizungumza na watu wake wenyewe. Kwangu tofauti iko hapo: madaraka hayakufutwa, yaligawanywa. Nayo yana uchovu wake, kwa kuwa seva nyingi huendeshwa kwa kujitolea na michango, na mwenyeji akichoka, watumiaji wote huhama.

Mwaka 2023 Meta, kampuni yenye Facebook, ilipotangaza kuuunganisha mtandao wake mpya wa Threads na ActivityPub, baadhi ya wenye seva waliapa kuifungia kabla haijazinduliwa. Rochko aliikaribisha.